Joram Kimotho na Mji Aliouona kutoka Nyuma ya Shuka

Mchungaji, wazee wa kanisa, mjane wetu Chemutai na watoto, jamaa wa Kipkelion na nyinyi wa Nyeri mliofika leo asubuhi na bado mna vumbi kwenye viatu, majirani, na nyinyi mliosimama nje kwa sababu viti vimeisha, mimi naitwa Waringa, ndiye dada mkubwa wa marehemu, nilisoma mpaka darasa la nne na miwani hii ni ya kuazima, kwa hivyo nikikwama kwa neno mnivumilie.

Familia imenipa kazi ya kusoma historia ya ndugu yangu, na karatasi mnayo mikononi, ile yenye picha yake akiwa na kofia, na tarehe zote zilizoandikwa hapo nitazifuata, lakini ukurasa wa tatu kuna mstari unaosema kwamba mwaka wa 1969 marehemu alionyeshwa Yerusalemu Mpya katika maono, na mstari huo umeninyima raha tangu juzi, kwa sababu nikiusoma nitakuwa nimemsingizia huyu aliye ndani ya sanduku, na nisipousoma, ukuta huu mnaouona nyuma yangu utapakwa chokaa wiki ijayo, basi kaeni, tutafika huko, sitawaficha kitu.

Marehemu Joram Kimotho alizaliwa tarehe 3 Novemba 1957 huko Kipkelion, hatua chache kutoka stesheni ya reli, mtoto wa pili wa marehemu Muriuki na marehemu Wangeci, waliotoka Nyeri wakaja kuwauzia watu wa reli mikate na mafuta ya taa, naye akapewa jina la baba ya baba kama ilivyo desturi yetu, na mama alikuwa akisema kwamba alizaliwa akitanguliza miguu, jambo ambalo wanawake wa pale walilinong'ona sana, lakini mimi nasema alikuwa tu na haraka ya kwenda, maana alitembea akiwa na miezi tisa, na tangu hapo sikumbuki kumwona amekaa mahali mpaka amalize kikombe.

Kuhusu masomo, alianza darasa la kwanza Januari 1965 kule Kipkelion, na mwaka wa 1967 baba alipohamisha duka kuja hapa Litein akaendelea hapa mpaka darasa la saba, akafanya mtihani mwaka wa 1971, na hakupita, na sababu yake si ujinga kama walivyosema watu fulani ambao wengine wao wako hapa leo wakinywa chai yake, sababu ni kwamba karatasi ya hesabu aliipindua akachora lango upande wa nyuma, akalichora mpaka kengele ikalia, na hilo lango lazima niwaeleze lilitoka wapi.

Tarehe 14 Machi 1969, gari la sinema lilikuja kwenye uwanja wa mpira wa shamba moja la kampuni ya majani chai, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa, na sisi watoto wa maduka tukaenda bila kualikwa, mimi nikiwa na miaka kumi na saba na nilienda kumwangalia Joram, ndivyo nilivyomwambia mama, wakafunga shuka kubwa nyeupe kwenye milingoti ya goli, wafanyakazi na watoto wao wakakaa mbele, halafu karani mmoja mwenye kofia ya kaki akaja akatuambia, "Nyinyi wa Litein, nyuma ya shuka, ama nyumbani." Tukaenda nyuma ya shuka, na ukweli ni kwamba kutoka nyuma sinema huonekana vizuri tu, ila kila kitu kimegeuka, wa kulia yuko kushoto, mtu anasalimia kwa mkono wa kushoto, na maandishi ni kama yameandikwa na mtu anayerudi kinyumenyume.

Ilikuwa sinema ya watu waliopanda chombo wakafika kwenye nyota moja mbali sana, na huko wakakuta mji, na mji huo jamani, minara ya kama glasi, miezi mitatu angani, barabara zinang'aa na hakuna mtu hata mmoja, wale wageni wakatembea, wakatembea, wakafika kwenye lango kubwa lenye herufi juu yake, lango likaanza kufunguka, mwanga ukatoka, na hapo hapo mvua ikaanguka, na mvua ya huku mnaijua, haipigi hodi, dereva akakimbia na mashine yake, shuka ikakunjwa, gari likaondoka, watu wakatawanyika, na Joram akabaki amesimama katikati ya uwanja akiangalia milingoti mitupu, miaka kumi na moja, amelowa kama kifaranga.

Akaniuliza, "Dada, ndani kulikuwa na nini?" nami kwa vile nilikuwa nataka twende nikamwambia, "Ugali," akaniangalia kama mtu mzima, akasema, "Haiwezekani, ule mji hauna shamba, unga watatoa wapi?" na kutoka siku hiyo hakupata utulivu, akiwa chooni anauliza, kwa ibada anauliza, tukichambua maharagwe anauliza, watu wale wanakula nini, maji wanachota wapi, nani anafagia barabara ikang'aa vile, mpaka baba akasema huyu mtoto amerogwa na kampuni.

Kuhusu kazi, mwaka wa 1974 alienda Kericho mjini akaandikwa na fundi wa mabango aliyeitwa Opondo, mtu wa maneno makali na roho nzuri, na wiki ya kwanza akapewa bango la bucha, akachora ng'ombe mzuri sana, lakini herufi zote zikatoka kinyume, kwa sababu mkono wake ulikuwa umezoea kuandika zile za langoni, Opondo akasimama akaangalia, akamuuliza, "Kijana, watu wa hapa wananunua nyama wakitembea kinyumenyume?" lakini hakumfukuza, alimfunza kazi miaka minne, na mwaka wa 1978 Joram akamuaga akaenda Nakuru, akazunguka majumba ya sinema majuma mawili akiuliza ile sinema ya mji wa nyota, wakamuuliza inaitwaje, hakujua, kwa sababu tulichelewa mwanzo wake na mwisho wake ukalowa, akarudi amekonda na viatu vimetoboka.

Ndipo akaanza kuchora mwenyewe kile ambacho hakuonyeshwa, na hii ndiyo kazi iliyomfanya mtu ajulikane kutoka Kipkelion hadi Mulot, maana kila ukuta aliopewa aliweka ule mji na lile lango, lakini ndani ya lango kila mara palikuwa tofauti, hapa Litein katika hoteli ya Osoro mwaka wa 1980 aliweka ndani mto wa chai ya maziwa na watu wanachota kwa mitungi, na wateja walikuwa wanatazama mpaka chai yao yenyewe inapoa, Osoro akalalamika kwamba viti vyake haviachi nafasi ya wateja wengine, kule Mulot mwaka wa 1983 katika duka la dawa za mifugo akaweka ng'ombe wenye taa kwenye pembe wakila ngano, na wachuuzi wa ng'ombe waligombana mbele ya ukuta ule kama ng'ombe wa aina hiyo anafaa kukamwa ama ni wa maonyesho tu, na Kipkelion kwa kinyozi akaweka treni inayopanda mwezini, na nilipomuuliza ni upi ndio wa kweli, alinijibu, "Hakuna bado, Dada, bado natafuta."

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa na Chemutai tarehe 7 Desemba 1985 katika kanisa hili hili, na msifikiri ilikuwa rahisi, kwetu walisema anatupotea, na kwao baba ya Chemutai, mzee wa majani na ng'ombe wanne, alimtazama kijana mwenye rangi kwenye kucha akasema, "Huyu Mkikuyu atamlisha mtoto wangu nini, mwezi?" Chemutai naye, mnamwona alivyo mpole hapo mbele, msidanganyike, akamjibu, "Na wewe baba, majani chai tunayatafuna?" Mama yake, marehemu Cheptoo, akacheka mpaka akashika ukuta, akaleta kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ya kumpokea mtu, akampa Joram kwa mkono wake, na maneno yakaishia hapo.

Mama Cheptoo huyo ndiye aliyemrekebisha ndugu yangu kuliko Opondo, maana siku moja alisimama katika hoteli ya Osoro na kikapu chake mgongoni, akatazama ule mji kwa muda, akauliza, "Sasa kwa mji mzuri hivi, nani anachuma?" na Joram aliniambia kwamba swali hilo lilimpiga kifuani, kwa sababu alikuwa amefikiria chakula na maji miaka yote hiyo na hakuwahi kuweka mtu hata mmoja anayefanya kazi.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Muriuki mwaka wa 1986, Wangeci mwaka wa 1989, na Nelvine mwaka wa 1996, na kila mmoja ana jina la kwetu au la kanisa na jina la Kipsigis, la kwa mama yao, pia, hiyo ilikuwa njia ya nyumba kulala bila kelele, na wajukuu ni wanne.

Sasa tumefika kwa ukuta. Kutoka Aprili hadi Novemba 1988 kamati ya kanisa ilimpa marehemu ukuta huu wa madhabahuni, wakataka Yerusalemu Mpya ya kitabu cha Ufunuo, naye akajenga jukwaa la miti akapanda, na miezi saba hakushuka ila kula na kulala, na wakati mwingine hata chakula nilimpandishia kwa kamba, akaweka minara yake na miezi yake mitatu, ambayo mchungaji wa wakati ule alisema ni Utatu, akaweka lango lake na herufi zake, na ndani ya lango kwa mara ya kwanza akaweka miteremko ya majani chai inayong'aa, na wanawake wenye vikapu wanaochuma bila mtu wa kuwasimamia, na yule wa tatu kutoka kushoto, mwenye pengo la jino na leso ya manjano, ni Mama Cheptoo aliyetuacha mwaka wa 1987, na kama kuna mtu wa familia hajawahi kumwona hapo ni kwa sababu huomba akiwa amefumba macho.

Mchungaji yule alipoona kazi imekwisha alitokwa na machozi, akamuuliza, "Joram, mji huu umeuona wapi?" na ndugu yangu akajibu ukweli, "Niliuona nikiwa mtoto, mchungaji," na Jumapili hiyo ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba Joram alipata maono akiwa na miaka kumi na moja, maana kuona na maono ni ndugu kwa mdomo tu, kwa tabia hawafanani hata kidogo. Alijaribu kurekebisha, mimi nilikuwepo mlangoni, nikifagia, akamwambia, "Mchungaji, ilikuwa sinema," na mchungaji akamshika bega akasema, "Ndiyo mwanangu, Bwana alikufungulia kama sinema." Sasa hapo mtu ataongeza nini? Akaenda kuosha brashi zake, na mwaka wa 1994 akaja mhubiri mgeni akahubiri saa nzima juu ya zile herufi za langoni kwamba ni lugha ya malaika, tukasema amina, na Joram nyuma kabisa alikuwa anakuna shingo.

Zile herufi zilisomeka mwaka wa 2019, Nelvine alipozipiga picha kwa simu akaigeuza, akaja mbio jikoni, "Tata, njoo uone," na tata ndiyo shangazi kwetu, nikavaa miwani, na ingawa zilikuwa zimepindapinda kwa sababu aliyeziandika alizikariri akiwa mtoto asiyejua Kizungu, zilikuwa zinasema STAFF ONLY, yaani wahusika peke yao, kama ule mlango wa klabu ya kampuni ambao watu wa kuchuma hawakuwahi kuupita, na nyinyi mnaocheka hapo nyuma chekeni tu, yeye mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo hiyo Nelvine akasema ameipata na sinema yenyewe ndani ya simu, "Baba, keti, tuangalie mwisho," na mtu aliyeitafuta miaka hamsini alifunika simu kwa kofia yake, akasema, "Usinionyeshe, mtoto wangu, kesho nitachora nini?" akatoka, akatembea mpaka sokoni na kurudi mara tatu.

Kuhusu ugonjwa, kifua kilianza kumsumbua mwaka wa 2023, daktari akasema ni mapafu, miaka mingi ya kuvuta harufu ya rangi na tapentaini, na tarehe 21 Januari mwaka huu wa 2025 akalazwa, na hata kitandani hakutulia, alikuwa anachora kwa kidole juu ya blanketi, na tarehe 6 Februari akanishika mkono akasema maneno ambayo lazima niyaseme kama alivyoyasema, "Dada, usiwaache waseme niliota. Ndoto mtu hupewa amelala. Mimi sikulala, mimi nilifanya kazi." Nikamwahidi, na tarehe 9 Februari saa nne asubuhi akaaga, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ahadi hiyo ningeitimiza kimya kimya, lakini mdomo wangu ni huu huu mnaoujua, juzi tukimenya viazi nilimwambia jirani Dorcus peke yake habari ya sinema, na Dorcus naye akamwambia mtu mmoja peke yake, na kabla sufuria haijachemka Mzee Johana, mwenyekiti wa kamati ya kanisa na kaka ya Chemutai, alikuwa amesimama juu yangu na fimbo yake, akasema, "Mama Waringa, ikisomwa ni maono, ukuta unakaa. Ikisomwa ni sinema, wiki ijayo tunapaka chokaa, kanisa halitaomba mbele ya sinema." Chemutai akanifuata bombani akaniambia polepole, "Dada, soma tu ya karatasi, ukuta ndio nimebaki nao," na tangu wakati huo nimekuwa nikitembea hapa na pale kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga, huyu aliyelala anataka hivi, huyu aliyebaki anataka vile, na wote wawili ni wangu.

Nimeamua. Marehemu Joram Kimotho hakupata maono, alitazama sinema ya watu wa nyota, upande wa nyuma, bila kualikwa, na haikuisha, na huo mwisho uliokosekana aliujenga mwenyewe kwa brashi miaka arobaini na mitano, ukuta baada ya ukuta, akakosea, akabadilisha, akaweka mto, akaweka ng'ombe, akaweka treni, mpaka akaweka mama mmoja wa hapa na kikapu chake, na kama mmeomba mbele ya ukuta huu miaka thelathini na sita mkasikia roho zimetua, ile kazi iliyowatuliza ilifanywa na mtu huyu, kwa mikono yake, kwa kifua chake. Chemutai, nisamehe, sikuweza.

Na wewe Mzee Johana, wewe ndiye mwenyekiti, mimi siwezi kukuzuia, lakini kuna kitu hakiko kwenye karatasi na nitakisema mbele ya watu, Januari 2008, baada ya uchaguzi, mnajua wenyewe ilikuwaje sitarudia, watu wa kwetu walipokuwa wanatafutwa nyumba kwa nyumba, wewe ulimficha Joram ndani ya ghala lako la mahindi siku kumi na moja, ukikaa mlangoni na fimbo hiyo hiyo, ukiwaambia waliokuja kwamba ndani kuna panya tu, na hukuwahi kujisifu. Sasa juzi nilitumwa ghalani kwako kuchukua mahindi ya wageni, na kwa vile mimi ni mtu wa kuchungulia nilisogeza magunia ya nyuma, nikakuta ukuta mzima umechorwa kwa makaa, minara, miezi, na lango limefunguliwa wazi kabisa na mzee mmoja mwenye fimbo ameketi hapo mlangoni, na magunia yote umeyapanga mbali kidogo na ukuta, kiasi cha mkono, ili yasiufute. Miaka kumi na saba, Mzee. Mtu anayepanga magunia hivyo, chokaa ataishika kwa mkono upi? Naona umeinama, inama tu.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia alipochora juu ya shuka zao, majirani mliolala kwetu tangu msiba uingie, wachumaji mliokatiza kazi leo na hali majani hayangoji mtu, mafundi wa rangi kutoka Kericho mliobeba sanduku, Osoro mdogo, mwana wa mwenye hoteli, kwa masufuria na hata kwa kutuhesabia vifuniko kila jioni, na Dorcus pia namshukuru, maana bila yeye labda ningeogopa nikasoma ya karatasi.

Joram, sasa weka brashi chini upumzike, najua hukuwahi kujua inafanywaje, lakini jaribu, ndugu yangu, kidogo kidogo utazoea.